Mita inasema kilomita 71: niende au nirudi?

Swali: Mwaka jana nilinunua Nissan Leaf ya 2018 iliyotoka Japan, betri ya uniti 40 (kWh). Ile mistari midogo ya afya ya betri inaonyesha 11 kati ya 12. Muuzaji aliniambia inakwenda kilomita 400. Siku moja tulitoka South B na mke wangu na watoto wawili kwenda Nakuru kwa wazazi, chaji asilimia 100, dashibodi inasoma kilomita 205. Tulipofika Soko Mjinga, kama kilomita 55 tu, chaji ilikuwa 56 na kilomita zimeshuka hadi 71. Mke wangu akasema turudi. Tukageuza, tukafika nyumbani na asilimia 35. Tangu siku hiyo gari halijatoka Nairobi na viunga vyake, na hata nikienda Kitengela macho yangu hayabanduki kwenye hicho kipimo. Nibadilishe betri? Niuze nichukue haibridi, ya petroli na umeme?

Jibu: Ndugu yangu, jibu la swali lako umelibeba mwenyewe ndani ya barua. Wengi wanaoniuliza habari hii hunieleza tu kwamba "gari linamaliza chaji haraka", na hapo sina pa kuanzia. Wewe umeandika asilimia na kilomita, kwa hiyo tushike hizo.

Kutoka South B hadi Soko Mjinga, kilomita 55, ulitumia asilimia 44. Kurudi, barabara ileile, abiria walewale, ulitumia asilimia 21. Chini ya nusu. Betri haikupona njiani, na dereva alikuwa wewe yuleyule. Tofauti ni mlima. South B iko kwenye mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na Soko Mjinga inakaribia mita 2,500. Gari lako lina uzito wa kilo 1,500, nanyi na mizigo yenu tuseme kilo 300. Kuuinua uzito huo mita 100 kwenda juu hula karibu nusu uniti ya umeme, uende polepole au mbio. Ulipanda mita 850. Ukiongeza na kinachopotea kwenye mota, hiyo ni kama uniti nne na nusu zilizokwenda kwenye kupanda peke yake, mbali na zile za kusonga mbele.

Habari njema ni kwamba uniti hizo hazikuteketea kama petroli. Zilikaa kwenye ule mwinuko. Uliposhuka, mota iligeuka jenereta ikairudishia betri kama asilimia 60 ya ulichotumia kupanda. Ndiyo maana ulifika nyumbani na 35. Mwenye gari la petroli hajawahi kurudishiwa hata tone na mteremko wa Limuru.

Sasa tuone dashibodi ilikupotosha wapi. Ile namba ya kilomita zilizobaki hutokana na hesabu fupi: kompyuta hutazama umeme uliotumia hivi karibuni, ikagawanya, ikazidisha na kilichobaki. Haijui barabara iliyo mbele. Ulipofika juu, kumbukumbu yake ilikuwa imejaa mlima mtupu, kwa hiyo ilichukulia kwamba utaendelea kupanda vilevile kilomita zote 71. Kama barabara ingekuwa hivyo, ungekwenda kuegesha kwenye mita 3,600, huko kwenye nyasi za juu ya Aberdare. Barabara yenyewe, ukishapita hapo, inateremka mita 600 hivi hadi Naivasha ndani ya kilomita 40. Ungetumia asilimia 15 tu na kuingia Naivasha na 41. Kwa maneno mengine, uligeuza gari mahali ambapo kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Asubuhi yake, kipimo hichohicho kilikuwa kimekudanganya kwa upande wa pili. Zile 205 zilitokana na mizunguko yako ya wiki nzima mjini, mwendo wa pole, breki zinarudisha umeme. Ulianza na namba tamu mno, ukakutana na namba chungu mno, na kila ulipotupa jicho kilomita mbili na nusu hivi zimetoweka kwa kila moja uliyokwenda. Mtu yeyote angeingiwa na hofu. Hofu ya kuishiwa chaji njiani kwa kawaida haitokani na udogo wa betri. Inatokana na kuamini namba inayorukaruka. Nimeona wenye magari ya kilomita 400 wakiogopa kwenda Machakos, na nimeona madereva wa teksi wenye Leaf za uniti 24, betri zimechoka, wanashinda barabarani bila kutokwa jasho, kwa sababu wanajua gari lao linakula nini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza: iache namba ya kilomita. Dashibodi yako ina uwezo wa kuonyesha asilimia na ulaji wa kilomita kwa uniti moja. Weka hizo mbili mbele yako. Mita ya tokeni nyumbani haikuambii umebakiza siku ngapi za stima. Inakuambia uniti ngapi, na wewe unajua kwamba kuna tofauti kati ya wiki ya balbu na televisheni na wiki ya kupiga pasi sare za shule na kuoga maji ya moto. Gari ni hivyohivyo.

Una uniti ngapi kweli? Betri iliandikwa 40 ilipokuwa mpya, na hata wakati huo si zote zinazotumika, kwani kompyuta huficha kiasi kidogo ili kuilinda. Mstari wa kwanza kati ya ile 12 hupotea betri ikiwa imepungua kama asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia sita. Wewe umebaki na 11, kwa hiyo uko mahali fulani kati ya 79 na 85 ya afya yake ya awali. Ukitaka kujua hasa, nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, cha kusoma kompyuta ya gari, uchomeke chini ya usukani na upakue programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha afya ya betri na joto lake. Hata bila kifaa, chukua uniti 30 kuwa ndizo zako za kutegemea. Hesabu zangu zote hapa zimejengwa juu ya 30.

Kuhusu kilomita 400 za muuzaji, hakuzitunga. Ndiyo namba Nissan waliyoitangaza Japan kwa gari hilo likiwa jipya, kwa kipimo cha JC08. Ila mtihani huo wastani wa mwendo wake ni kilomita 24 kwa saa, na haufiki hata 82 pale unapokimbia zaidi. Ni mtihani wa mjini Tokyo. Wamarekani walipolipima gari hilohilo kwa njia yao walipata maili 151, yaani kilomita 243. Ukitoa uchakavu wa betri yako unakuja karibu na mia mbili, na kwa zile uniti 30 za kutegemea, mia na themanini hivi kwenye tambarare, na hapo ndipo ulipo. Gari lako halina ugonjwa. Kubadilisha betri kwa sababu ya siku ile itakuwa pesa kutupwa.

Zigeuze uniti 30 ziwe kitu unachoweza kukumbuka ukiendesha. Asilimia moja ni thuluthi ya uniti kasoro kidogo. Kwenye tambarare, mwendo wa 80 hadi 85, asilimia moja ni kilomita mbili kasorobo kidogo. Ukipanda kuelekea Limuru ni kilomita moja na robo. Ukishuka, mbili na nusu au zaidi. Hizi za kupanda na kushuka nimezitoa kwenye barua yako, sikuziokota kwenye kitabu. Ukizishika, hutahitaji kuuliza dashibodi kitu.

Tuzitumie sasa kwa Nakuru. South B hadi Soko Mjinga, asilimia 44. Soko Mjinga hadi Naivasha, 15. Naivasha hadi Nakuru, kilomita 70 za kupanda na kushuka kidogokidogo kupitia Gilgil, kama 39. Jumla 98. Kwa hesabu ya karatasi unafika Nakuru na asilimia mbili. Kwa hiyo shemeji hakukosea kwamba safari ile haikuwa ya kumaliza bila kusimama. Alichokosea, nanyi wote wawili mlikosea pamoja, ni mahali pa kuogopa. Swali la Soko Mjinga halikuwa kwenda au kurudi. Lilikuwa: tukifika Naivasha tutachaji wapi, na kwa muda gani? Na hilo mtu hulijibu jana yake, akiwa amekaa sebuleni na simu.

Hapa ndipo pana kazi halisi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Ukisikia mahali fulani "pana chaja ya gari la umeme", bado hujaambiwa chochote. Leaf yako ina matundu mawili. Kubwa ni la CHAdeMO, la chaji ya kasi, mtindo wa Kijapani. Dogo ni la Type 1, la chaji ya polepole. Vituo vingi vipya vinawekewa waya wa CCS2 kwa magari ya Ulaya au GB/T kwa yale ya China, na nyaya hizo haziingii kwako. Nguzo nyingi za chaji ya polepole nazo zina tundu la Type 2, kwa hiyo jinunulie waya wa Type 2 kwenda Type 1 ukae kwenye buti siku zote. Ni kitu kimoja ambacho kitakufungulia milango mingi kuliko kingine chochote utakachonunua. Halafu usitegemee ramani ya programu peke yake. Piga simu kwenye hoteli au kituo chenyewe uulize mambo matatu: waya gani upo, unafanya kazi leo, na je, mgeni asiyelala hapo anaruhusiwa? Hilo la tatu watu hulisahau, wakafika wakakuta mlinzi na mnyororo.

Naivasha unahitaji kuongeza uniti saba au nane tu, ili ufike Nakuru na asilimia 25 badala ya 2. Kwenye chaja ya kasi iliyo nzima hiyo ni robo saa, watoto wakienda chooni na kurudi. Kwenye nguzo ya polepole ya kilowati sita, kama gari lako linaweza kupokea zote sita, ni saa moja na kitu, yaani chakula cha mchana bila haraka. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani ni zaidi ya saa tatu, na hapo sikushauri labda kama mna mpango wa kuzunguka ziwani. Usikae kwenye chaja ya kasi mpaka 100. Ikipita 80 umeme unaingia kwa kudondoka, na unamzuia mwenzako.

Leaf hii haina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Inategemea upepo na bahati. Chaji ya kasi moja ndani ya siku haina neno, lakini ukiifuatisha na nyingine baada ya mwendo mkali kwenye jua la Bonde la Ufa, utaona kipimo cha joto kimepanda na chaji inaingia kwa kusuasua. Ndiyo sababu mtu akiniuliza Mombasa kwa Leaf ya uniti 40 humwambia apande SGR. Kilomita 480, hata kama kwa jumla ni mteremko, zinataka kusimama mara nyingi kuliko raha inavyoruhusu, na kila ukisimama betri ina joto zaidi. Nakuru ni habari nyingine. Nakuru iko ndani ya uwezo wako.

Nyumbani kwa wazee tayari kuna chaja, ila haijapewa jina hilo. Soketi ya ampea 13 na waya wa kuchajia wenye kuvuta ampea 10 hukupa kama uniti mbili na nusu kwa saa. Ukipoteza kidogo njiani, saa kumi za usiku zinakuwekea zaidi ya uniti 20. Chomeka mara tu mnapofika, kabla hata ya chai. Usingoje saa nne usiku. Stima ikipotea kwa saa mbili, na Nakuru hupotea kama kwingine, utakuwa na nafasi ya kufidia. Ikirudi nenda uangalie kama gari limeanza tena kuchaji, maana si kila waya huamka wenyewe. Na kama mita ya wazee ni ya tokeni, ongeza uniti 30 kabla ya kulala. Kuna watu wameamka alfajiri wakakuta tokeni iliisha saa saba, gari liko kwenye 60, na mama yuko gizani anauliza ni nini kimekula stima yake.

Soketi yenyewe uishike kwa mkono baada ya nusu saa. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, au plagi inanuka plastiki, zima. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya nyembamba na soketi zilizolegea. Zinavumilia birika la dakika tano lakini haziwezi mzigo wa saa kumi. Ekstensheni ya kukunja usiitumie kabisa. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, awavutie laini moja ya gari peke yake kutoka kwenye bodi, karibu na mahali pa kuegesha. Gharama yake ni ndogo kuliko wasiwasi wa safari moja.

Safari ya kurudi ndiyo itakayokujaribu, kwa hiyo jiandae kichwani. Unatoka Nakuru na 100. Unapita Naivasha na 61 hivi. Kisha unapanda hadi Soko Mjinga, na mlima huo unakula karibu 32. Ukienda moja kwa moja unafika juu na 29, na kutoka hapo ni asilimia 21 hadi nyumbani, zilezile ulizotumia siku ile. Ungefika na 8. Inawezekana, lakini sikutakii. Ongeza kidogo Naivasha ili upite Soko Mjinga na 35 au zaidi. Hapo sasa tazama: ukiwa na 35 kileleni, dashibodi itakuandikia kilomita 44 au karibu na hapo. Nyumbani ni 55. Namba inasema hufiki. Na utafika, na asilimia 14, kwa sababu mbele yako kuna mita 850 za kushuka ambazo kompyuta haizijui na wewe unazijua. Shemeji aambiwe hili kabla hamjatoka Nakuru. Ukimwambia mkiwa Kinungi, usiku, na ukungu, atasikia mtu anayejitetea.

Umenigusia pia Kitengela, na nadhani huko hofu yako ni ya jam. Watu wengi wanaogopa jam kwa sababu ya mazoea ya petroli. Gari la umeme likisimama, mota imesimama. Kinachokula ni taa, redio na kompyuta, kama thuluthi ya uniti kwa saa. Jam ya saa tatu ya Jumapili jioni pale Kinungi itakugharimu asilimia tatu au nne. Kiyoyozi kikiwaka muda wote, ongeza kama asilimia mbili au tatu kwa kila saa. Adui halisi wa usiku wa Limuru ni hita ya kupasha hewa, ambayo ikianza inaweza kunyonya kwa saa kuliko kiyoyozi. Leaf nyingi za Japan zina kitufe cha kupasha kiti na usukani. Hicho kinakula kidogo mno, kitumie, na watoto wapewe shuka.

Unakokwenda mbio ndiko umeme unakoishia. Nguvu ya upepo kulizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110, upepo unakupinga karibu mara mbili. Kila uniti itakupeleka kilomita tano au chini yake badala ya sita hivi, na zile asilimia 39 za Naivasha hadi Nakuru zinakuwa karibu 50. Kati ya Naivasha na Gilgil, barabara ikinyooka, ndipo mguu husahau. Tafuta matatu inayotii kile kikomo chake cha 80 ukae nyuma yake kwa nafasi ya kutosha. Ukiipata, usiiache. Hewa ya tairi nayo iangaliwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva, kwani vijana wa kituo cha mafuta hujaza kwa kukisia.

Kabla ya Nakuru, nataka ufanye mambo mawili. La kwanza, kwa wiki mbili andika asilimia ulizotoka nazo na ulizorudi nazo, na kilomita, kwa safari zako za kawaida, Kitengela ikiwemo. Halafu kabla ya kila safari kisia mwenyewe utafika na ngapi. Ukianza kupatia ndani ya tofauti ya tatu au nne, jicho litaacha dashibodi lenyewe. La pili, chagua Jumamosi moja uendeshe mitaa ya karibu na nyumbani mpaka chaji ishuke chini kabisa, mahali ambapo ukizidiwa unaweza kurudi ndani ya dakika tano. Watu hukaa na gari miaka wakiogopa kitu ambacho hawajawahi kukiona. Gari halizimiki ghafla. Kwanza taa ya onyo la chaji inawaka na sauti inalia. Ukiendelea, asilimia zinafutika na kubaki vistari. Mwisho kabisa inakuja alama ya kobe na gari linapunguza nguvu, ili upate kusogea pembeni. Usifike kwenye kobe. Ona onyo la kwanza, rudi nyumbani, chomeka. Safari hiyo mwachie shemeji usukani. Abiria huogopa kuliko dereva siku zote, na yeye ndiye aliyepiga kura ya kurudi.

Ikitokea kweli mmekwama, Leaf hubebwa mgongoni mwa lori, magurudumu yote manne yakiwa juu. Haivutwi kwa kamba huku magurudumu ya mbele yakizunguka chini, kwa sababu yameungana na mota. Piga simu kwa bima yako wiki hii uulize kama huduma yao ya kuvuta ina lori la namna hiyo, na iandike namba. Uangalie pia ile betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama betri kubwa ina asilimia 90, na imewaacha watu wengi zaidi maegeshoni kuliko betri kubwa ilivyowaacha barabarani.

Sasa la kuuza. Ingekuwa kazi yako inakupeleka Nakuru kila wiki, au wazazi wangekuwa Eldoret, ningekuambia uza bila kuona haya, chukua haibridi, kwani kusimama Naivasha kila Ijumaa jioni na kila Jumapili kutakuchosha kabla ya mwaka kwisha. Lakini unaendesha Nairobi siku zote na Nakuru nadhani utakwenda mara moja kwa mwezi, pengine mara chache zaidi. Kwa matumizi hayo, haibridi itakutoza petroli kila siku ili ikuokoe robo saa ya Naivasha. Baki na Leaf. Ukiona mistari imeshuka hadi tisa, niandikie tena, maana hesabu ya Nakuru itakuwa imebadilika na huenda itabidi msimame Naivasha kwa chakula kamili.